Nanga Iliyotoweka Koponi

Watu wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, walikuwa na maneno mawili juu ya Isidori Tesha. Wengine walisema ni mghushi. Mtu gani, waliuliza, achonge muhuri kila alfajiri hata siku ambayo hakuna aliyeagiza, aupige mara moja tu kwenye daftari, kisha autie kwenye kopo la biskuti na kulifunga? Wengine walisema si mghushi bali ni sikio la serikali: daftari lake lina tarehe, na mikutano ya siasa ya Mnazi Mmoja ilikuwa imekwisha kuwafundisha watu kumwogopa mtu yeyote anayeandika tarehe. Mtu hawezi kuighushia serikali na kuipelelezea kwa mkono uleule, lakini mtaa haukuona tabu kuamini yote mawili.

Isidori mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, kidole gumba cha kushoto kimejaa makovu ya wembe. Aliteremka kutoka Kibosho mwaka wa arobaini na nane, akapata kazi ya kufagia katika kiwanda cha chapa karibu na Posta. Huko alimkuta fundi wa kupanga herufi, mzee wa Kigoa aliyeona kwa jicho moja, na mzee yule ndiye aliyemfundisha kusoma maneno kinyume na kuyachonga katika mpira. Alimfundisha na jambo la pili.

"Mkono una kiburi," alimwambia. "Ukiuacha siku moja, wenyewe unakuacha siku tatu. Kila siku chonga kitu, hata kama ni kibaya."

Isidori akalishika neno hilo kama sala. Alipoacha ufagio alipata nafasi barazani kwa Hamud bin Ubeid, Mwarabu muuza kahawa na tende, akaanza kuwachongea watu mihuri. Wateja hawakukosekana. Timu za mpira, vyama vya ngoma, waganga, wenye maduka, vyama vya kuzikana. Siku hizo chama kilitaka muhuri kabla hakijapata wanachama. Mpira aliununua kwa mafundi viatu, soli nene za viatu vya jeshi. Aliulowesha maji ya sabuni ili wembe uteleze, na kwa kazi nyembamba alikuwa na ujiti wa mwavuli alioutia makali. Mkewe, Severa, ndiye aliyepiga vipande msasa na kubandika vishikio vya mti kwa gundi.

Lakini kabla ya mteja wa kwanza, kabla hata Hamud hajafungua milango, Isidori alichonga kile kimoja cha siku. Alichonga alichokiona jana: birika la kahawa, mguu wa kuku, kikapu cha nyanya kilichoinama, sikio la bintiye Theopista. Alikipiga kwenye daftari la shule, akaandika tarehe, na Hamud akifungua duka akakitia koponi. Jioni kopo lililala dukani kwa Hamud, chini ya mizani. Alikuwa amefanya hivyo miaka mitano, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini. Watu waliulizana wenyewe kwa wenyewe.

Jirani yake barazani alikuwa Kasmir Lyaruu, fundi cherehani, mtu wa Kibosho kama yeye. Walitoka kijiji kimoja, walisali kanisa moja, na mchana walikula sahani moja. Kasmir alikuwa na kicheko kikubwa na alipenda kumtania.

"Ndugu yangu, leo umechonga nini? Kwato la punda? Basi punda mwenyewe aje alipe!"

Mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na sita, Isidori alinunua karanga sokoni, zikafungwa katika karatasi kuukuu ya ofisi. Kwenye kona ya karatasi palikuwa na muhuri wa kampuni ya Bwana Farlow, wapakuzi wa mizigo bandarini: nanga iliyozungukwa na kamba, na maneno ya Kizungu yakizunguka kamba. Kamba ile ilimteka. Kila uzi wake ulionekana ukipanda juu ya mwenzake na kushuka, mpaka mduara ukafunga. Isidori alizila karanga asijue ladha yake. Alitaka kujua kama mkono wake unaweza.

Ilimchukua alfajiri nne. Ya nne ilipofika alipaka wino wa zambarau, akabonyeza, akainua, na nanga ikabaki kwenye daftari kana kwamba imetoka Ulaya. Palikuwa na kosa moja tu: upande wa kushoto, karibu na pete ya nanga, uzi mmoja wa kamba ulipinda upande usiopaswa. Isidori alilitazama kosa lile kwa muda mrefu, akatabasamu. Haikumpitikia hata kidogo kwamba alichokishika mkononi ni hatia. Kwake ilikuwa kamba.

Pasaka ikaja na shughuli zake. Theopista akashikwa na homa kali, Isidori akapeleka kazi zote na kopo lake nyumbani wiki nzima, huku akichonga huku akimtazama mtoto. Homa ikaisha, kopo likarudi dukani. Nanga ikasahauliwa.

Mwezi wa Agosti, asubuhi moja, mtu wa makamo alipanda barazani kwa Hamud. Alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, lakini chini ya kanzu vilichungulia viatu vyeusi vilivyong'arishwa kwa gwaride.

"Salaam aleikum, Bwana Hamud."

"Waaleikum salaam. Karibu, Bwana Mwinyimvua."

Hamud alimmiminia kahawa bila kuulizwa, na Isidori akajua kwa jinsi mkono wa Hamud ulivyokuwa mwangalifu kwamba huyu ni askari kanzu. Mwinyimvua alikunywa vikombe viwili, akazungumza habari za mvua. Kisha akageuka taratibu.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo, bwana."

"Nina kitu nataka ukitazame kwa jicho la ufundi." Alitoa karatasi mfukoni, ameikunja ili maandishi yasionekane, ila muhuri peke yake. "Hii ni kazi ya mashine au ya mkono?"

Isidori aliinama. Aliona nanga. Aliona kamba. Aliona uzi ule mmoja, upande wa kushoto karibu na pete, umepinda upande usiopaswa.

Sauti ilipotoka, ilitoka na uongo.

"Ya mashine, bwana."

"Una hakika?"

"Naona hivyo."

Mwinyimvua aliirudisha karatasi karibu na macho yake mwenyewe. "Mimi si fundi kama wewe. Lakini mke wangu husuka mikeka, na nyumbani nimeona ukili mwingi. Huu hapa umekosewa. Mashine haikosei ukili, fundi."

Akaeleza kwa upole, kama anayesimulia habari ya watu wengine. Katika kamatakamata ya juma lililopita, pale walipokuwa wakiwakusanya wasio na kazi ili warudishwe bara kwa treni, kijana mmoja alichomoka na kuacha koti mikononi mwa askari. Ndani ya koti palikuwa na barua: mwenye barua hii ni mfanyakazi wa kampuni ya Bwana Farlow. Kampuni inasema haikuandika barua hiyo wala haimjui mtu huyo.

"Mji huu wachonga mihuri ni wachache," alisema akisimama. "Nitapita tena."

Alipokwisha kuondoka, Isidori alilivuta kopo, akageuza kisogo, akapekua. Akalipekua mara ya pili. Akamwaga vipande vyote juu ya gunia: samaki, birika, nyota, sikio la mtoto. Nanga haikuwamo.

"Unatafuta nini, ndugu yangu?" Kasmir aliuliza huku akikanyaga cherehani.

"Hakuna," Isidori alisema. Na tangu neno hilo, mambo yakaharibika.

Jioni hiyo alianza kuwapima watu. Kopo lililala kwa Hamud. Nani ana ufunguo wa duka ila Hamud? Tena Hamud ana wajomba na binamu bandarini, na makuli wanakuja kwake kunywa kahawa. Mchana kopo lilikuwa barazani. Nani hukaa nalo Isidori anapokwenda kujisaidia au kununua wembe, ila Kasmir? Na Kasmir hupokea vijana kutoka nyumbani, hulala kwake watatu wanne, wote hawana kazi. Tatu, ambalo hakutaka kulifikiria lakini lilijifikiria lenyewe: Severa alikuwa na uhuru wa kushika chochote.

Alichana ule ukurasa wa nanga katika daftari, ukurasa wa siku nne, akauficha ndani ya kitabu cha sala. Kisha akaanza kulinda. Aliweka unyoya wa kuku chini ya kifuniko cha kopo ili ajue kama limefunguliwa. Alihesabu vipande asubuhi, akavihesabu mchana, na nyumbani akamwuliza Severa nani kaingia chumbani. Kasmir akicheka, alijiuliza anacheka nini. Kasmir akinyamaza, alijiuliza anaficha nini. Jumapili kanisani alimwona Kasmir akikaa sana mbele ya Mama Maria, akasema moyoni: huyo ana la kutubu.

Kumbe mtu ukimshuku, hata wema wake unakuwa ushahidi.

Siku ya nne alimwendea Hamud.

"Bwana Hamud, kuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa duka?"

Hamud alikuwa anapima tende. Aliiacha mizani ikae sawa kwanza. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mtu haulizi tu habari za ufunguo." Hamud aliinua macho. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na hakuzoea kuulizwa na mpangaji wa baraza. "Isidori, kopo lako limelala chini ya paa langu miaka mitano. Sikuwahi kulifungua, na siku alipokuja yule wa viatu vyeusi sikusema neno juu yako. Sasa wewe unanihesabu mimi?"

"Sikusema hivyo, bwana."

"Umesema. Leo jioni chukua kopo lako uende nalo kwako."

Lilikuwa pigo, lakini Isidori hakulipokea kama pigo. Alilipokea kama fununu. Mbona amekasirika upesi hivyo? Mtu msafi hukasirika?

Siku ya sita Kasmir alikwenda kumpima mteja suruali Mtaa wa Kongo, akaacha cherehani wazi. Isidori alitazama kulia, akatazama kushoto. Akainuka, akavuta droo ya cherehani, akaingiza mkono. Vifungo, chaki, sindano, kipande cha picha ya mtakatifu, barua za nyumbani. Alizifungua barua. Alikuwa anasoma ya tatu alipoona kivuli juu ya karatasi.

Kasmir alikuwa amesahau futi yake ya kupimia.

"Unatafuta nini?" aliuliza. Safari hii hakuita ndugu.

Isidori angeweza kusema kweli. Baadaye alijua kwamba hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Badala yake alisema, "Kilichonipotea."

"Kimekupotea nini?"

"Wewe unajua."

Watu walianza kusimama. Mwuza kahawa wa kuzunguka alitua birika lake. Kasmir alizichukua barua zake moja moja mkononi mwa Isidori, akazikunja zilivyokuwa.

"Mama yangu ndiye aliyeziandikisha hizi," alisema kwa sauti ya chini. "Umesoma habari za mguu wake? Vizuri. Sasa unajua ugonjwa wake kuliko hata mke wangu anavyoujua." Kisha akafunga kifuniko cha cherehani. "Umeniita mwizi mbele ya mtaa, Isidori. Niambie nimeiba nini, nikutolee."

Isidori hakuweza kulitaja. Kutaja nanga mbele ya watu ilikuwa kujifunga kamba mwenyewe. Alisimama tu, na ukimya wake ukamaliza kazi ambayo maneno yalianza. Kabla ya magharibi Kasmir alibebesha cherehani kwenye mkokoteni, akahamia baraza la duka jingine, kule mwisho wa Kariakoo kunakotazama Mnazi Mmoja.

Mwinyimvua alirudi siku ya kumi. Hamud alimpa kahawa, lakini hakukaa nao, aliingia ndani.

"Naona jirani yako amehama," Mwinyimvua alisema.

"Amepata mahali pazuri zaidi."

"Aha. Nimesikia una daftari."

Isidori alilitoa. Mwinyimvua alifungua ukurasa kwa ukurasa, kwa utaratibu, akitikisa kichwa kidogo. Alicheka mbele ya mguu wa kuku. Akauliza kama sikio lile ni la mtu au la picha. Kisha akafika Machi. Kidole chake kikasimama.

"Tarehe nne, kijiko. Tarehe tisa, kufuli. Hapa katikati siku nne hakuna kitu."

"Mtoto aliumwa, bwana."

"Aliumwa wakati wa Pasaka, sivyo? Nimeona. Siku hizo za homa ulichonga kila siku: chupa ya dawa, kitambaa, kikombe." Alifunua mbele kidogo kuhakikisha, akarudi. "Wakati wa homa hukukosa hata siku moja. Hapa mtoto mzima, umekosa nne."

Mwinyimvua alipitisha kidole kwenye mshono wa daftari, palipochanwa ukurasa. Kutoka dukani ilisikika sauti ya Hamud akimkemea mtu juu ya gunia.

"Miaka mitano," Mwinyimvua alisema, "na siku nne. Mimi sina ushahidi, fundi. Kijana hatujamwona, na karatasi iliyochanika si karatasi. Lakini mkono wako sasa naujua kama ninavyoujua mwandiko wa ndugu yangu. Nitakuwa nakuja kunywa kahawa."

Isidori alirudi nyumbani na kopo kwapani, bila kufunga kazi. Chumba chao kilikuwa uani, nyumba ya vyumba sita, na Severa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alilitua kopo juu ya kitanda. Severa aliweka ungo chini.

"Baba Theopista, kaa."

"Sitaki kukaa."

"Basi simama, lakini unijibu. Asubuhi nilifungua kopo nitafute msasa, ukaanguka unyoya. Nikaurudisha. Jana pia ulikuwapo. Nani anaweka unyoya?"

Isidori alilisogeza kopo ukutani.

"Ni wewe," Severa alisema. "Unanitegea unyoya kama unavyotegea panya. Kasmir amehama, Bwana Hamud hakuitikii salamu, mimi jikoni kwangu nahesabiwa. Umepotelewa na nini? Siku kumi unauliza watu nani kaingia, nani kashika, nani ana ufunguo. Kitu chenyewe hukitaji. Mtu atakusaidiaje kutafuta asichokijua?"

Isidori alikuwa amechoka. Uchovu ulifanya kazi ambayo busara ilishindwa. Alikwenda kwenye kitabu cha sala, akatoa ule ukurasa, akauweka mbele ya mkewe.

Severa aliutazama. Uso wake haukubadilika kwa hofu, ulibadilika kwa mshangao.

"Nanga? Nanga hii niliipaka gundi mimi."

"Nini?"

"Wiki ya Pasaka. Ulikuwa na mihuri kumi na mmoja ya watu na Theopista anaweweseka. Ukaniambia, 'Nipe kipande kikubwa cha duara.' Koponi cha duara kikubwa kilikuwa hicho tu. Nikakipiga msasa upande ulio mtupu, nikakuwekea mezani upande huo juu. Ukachonga. Kisha mimi nikapaka gundi upande wa nanga, nikabandika kishikio. Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Picha zako ngapi zimekaa chini ya vishikio vya watu?"

Isidori alikaa. Ndivyo walivyofanya siku zote. Mpira ulikuwa adimu, kipande kina nyuso mbili, na yeye tangu Machi hadi Agosti alikuwa amejiaminisha kwamba nanga ni kitu cha pekee ambacho hakuna mkono ungekigusa. Hakuna aliyeiba chochote. Aliiuza mwenyewe.

"Ulikuwa muhuri wa nani?"

"Wa chama cha kuzikana. Wa kwa Polycarp."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Severa alisema, na sasa machozi yalimjia, ya hasira. "Uliuliza nani kaingia chumbani."

Polycarp Mrema alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha watu wa milimani waishio Dar es Salaam. Kwa kazi alikuwa karani wa mizani sokoni, mtu mnene wa miwani aliyeheshimika. Isidori alimkuta kwake akila chakula cha jioni. Alikataa kunawa mikono.

"Katibu, nimekuja kuutazama muhuri wa chama."

"Una nini muhuri?"

"Nadhani kishikio kimetoka."

Polycarp aliacha kutafuna. Walitazamana, na Isidori, aliyekuwa ameshuku nyuso zote za mtaa kwa siku kumi bila kuambulia kitu, safari hii hakuhitaji kushuku. Polycarp aliinuka, akafunga mlango, akatoa muhuri ndani ya sanduku. Kishikio kilikuwa kando. Upande mmoja jina la chama. Upande wa pili nanga, imekauka wino.

"Kilitoka chenyewe kwa unyevu wa masika," alisema Polycarp. "Nikageuza nibandike, nikaiona. Nikadhani Mungu ameniletea. Nimezika vijana wetu sita mwaka huu, Isidori, lakini waliopakiwa kwenye treni kama magunia ni wengi kuliko niliowazika. Kijana anakuja, anatafuta kazi mwezi mmoja, anakamatwa, anarudishwa kwa baba yake na aibu. Niliandika barua tatu. Tatu tu. Ile moja ikakamatwa, nikaacha."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Isidori alifikiria. "Hapana."

"Basi." Polycarp alivua miwani akaifuta. "Na wewe uliichonga ya nini?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza usoni, na jibu lake lilionekana dogo mno hata kwake. "Kamba yake ilikuwa nzuri," alisema.

Polycarp alimtazama kwa muda kama mtu asiyejua aamini au asiamini. Mwisho akausukuma muhuri ule juu ya meza.

Isidori aliukata palepale kwa wembe wake, vipande vidogo kama maharage, nanga na jina la chama pamoja. Ukurasa wa daftari Severa aliutia motoni chini ya chungu. Kesho yake alikichongea chama muhuri mpya, hakutaka malipo, na upande wa nyuma aliukwangua mpaka ukawa laini kama kiganja.

Kwa Hamud alikwenda mikono mitupu. Hakumweleza yote, alimwambia tu, "Bwana Hamud, nilikukosea. Kitu hakikuibwa. Nilikipoteza mwenyewe kwa mkono wangu." Hamud alimsikiliza hadi mwisho, akamwagiza akae, akamimina kahawa. Salamu alimrudishia kwa moyo mmoja. Kopo hakulichukua tena. "Hilo lilale kwako," alisema. "Mimi nataka usingizi."

Kasmir alikuwa mgumu zaidi. Isidori alimkuta kwenye baraza lake jipya, anapindia suruali, watu wanapita kwa wingi kuelekea uwanjani. Hakumtengea kigoda.

"Kasmir, nimekuja kukwambia si wewe."

"Si mimi nini?"

"Siwezi kukwambia. Kuna mtu ataumia. Lakini najua kwa hakika si wewe."

Kasmir alikata uzi kwa meno. "Kwa hiyo ulinishuku bila ushahidi, na sasa unanisafisha bila ushahidi. Watu waliosikia ukiniita mwizi, nao utawaendea mmoja mmoja uwaambie hivyo hivyo, 'najua lakini siwezi kusema'?"

"Nitawaambia nilikosea."

"Waambie." Akakanyaga cherehani. Alipomaliza mshono alisema bila kuinua kichwa, "Mama hajambo mguu, kama ulitaka kujua."

Isidori aliwaambia. Alisimama barazani Jumamosi, wakati wa watu wengi, akamwambia mwuza kahawa, na dobi, na mwenye duka la kanga, kwamba Kasmir Lyaruu hakuchukua kitu, na kwamba yeye Isidori ndiye aliyefanya vibaya. Walimsikiliza kwa adabu. Alipogeuka aliwasikia wakiulizana ni nini kilichomfanya aseme hivyo ghafla, na nani amemlipa.

Kwa siku arobaini hakuchonga picha. Alikuwa akikaa alfajiri mikono mapajani, akitazama wapita njia: nani amesimama, nani amegeuka, viatu vya nani ni vyeusi. Mkono ukaanza kumwacha kama alivyoonywa. Aliharibu muhuri wa timu ya mpira, akageuza herufi mbili, akaharibu na mwingine. Asubuhi moja aliamka akakuta mezani kipande cha mpira kimekwisha kulowa sabuni, wembe kando yake, na Severa amekaa upande wa pili na kikombe cha chai.

"Chonga," alisema.

"Nichonge nini?"

"Chochote. Ukikaa bila kuchonga unachunguza watu."

Alichonga kikombe. Kilikuwa kibaya, kishikio chake kimekaa kama pua. Akakipiga kwenye daftari, akaandika tarehe. Kisha, jambo jipya, akakata mstari mmoja katikati ya picha kwa wembe, ili isipigwe tena na mtu yeyote kwa jambo lolote. Severa aliona, akammiminia chai. Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila alfajiri: alichonga, alipiga mara moja, alikata. Ilimwuma kila mara, hata baada ya miaka.

Mwinyimvua aliendelea kuja. Alikunywa kahawa, akaomba daftari, akalipitia, akalirudisha. Yule kijana wa koti hakuonekana tena. Wakati mwingine Mwinyimvua alisifu. Alipenda sana picha ya paka aliyelala kwenye gunia la mchele, akamwomba Isidori ampigie moja ampelekee mkewe, naye Isidori akamjibu kwamba haiwezekani, imekatwa. Mwinyimvua alitazama ule mstari. "Umejifunza," alisema, na Isidori hakujua kama hiyo ni sifa au ni hati ya mashtaka. Mwaka wa hamsini na nane akahamishiwa Tabora. Siku ya kuaga alimpa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akauachia.

Mtaa nao haukuacha. Mghushi, wengine walisema. Sikio la serikali, walisema wengine. Isidori alipita kati ya maneno hayo akiwaamkia wote.

Kabla ya uhamisho huo wa Mwinyimvua, Krismasi ya mwaka wa hamsini na saba, Severa alikwenda mwenyewe kumwalika Kasmir, maana mumewe asingethubutu. Kasmir alikuja, amevaa koti. Alikula ndizi na nyama, akampakata Theopista, akacheka mara moja, kile kicheko kikubwa, kisha kana kwamba amejikumbuka akakikatiza. Chai ilipoletwa alisimama.

"Shemeji, nawahi. Kuna mteja."

Siku ya Krismasi hakuna mteja, na wote watatu walijua. Severa alimfungia maandazi katika kitambaa, akayapokea kwa mikono miwili. Isidori alimsindikiza. Walitembea wakizungumza habari za mpira, nani kafunga, nani kakosa, mpaka kona ya Msimbazi.

"Rudi sasa," Kasmir alisema. "Mkeo anakungoja."

Isidori akarudi.